Sitara si Kunyamaza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika barua zilizofika kwenye darasa yetu hapa Kizingo mna moja iliyoandikwa na mama wa watoto wanne. Haikutiwa jina, na lau ingetiwa tusingalilitaja. Asema kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, alianza kuwa mzito wa kula na mwepesi wa kulia, akawa haendi chuoni ila kwa kusukumwa, na usiku halali. Mama akadhani ni jicho; akamsomea yeye mwenyewe, kisha akamtafutia wa kumsomea. Hata siku moja nyanyake mtoto akaona pesa zimetoka katika M-Pesa yake mara tatu, wala hakuna kilichonunuliwa. Ndipo mambo yalipofichuka. Mtoto alijuana katika mchezo wa simu na mtu aliyejitia kuwa ni msichana wa umri wake. Msichana huyo akampelekea picha asiyoijua imetoka wapi, akamtaka naye ampelekee yake asiyovaa nguo, naye akampelekea. Tangu saa hiyo msichana hayuko tena. Yuko mtu anayetaka pesa, na akizikosa picha itafika kwa babake mtoto na kwa mwalimu wake wa chuo.

Mama auliza mambo mawili. La kwanza: je, ilitupasa kumfundisha mtoto mambo haya mapema, au kumfundisha ni kumfumbua macho? La pili: babake hajaambiwa mpaka leo, kwa kuwa akijua atampiga mtoto kisha atanipiga na mimi, je, nikinyamaza itahesabiwa kuwa ni sitara?

Swali la kwanza jibu lake si gumu. Hili la pili ndilo lililotunyima usingizi, na ndilo lililotufanya tuyaandike haya, kwa sababu maswali mawili haya kwa hakika ni swali moja, kama itakavyobainika.

Natutazame kwanza mtego wenyewe jinsi unavyotegwa, maana wazazi wengi wanaogopa simu bila ya kujua wanachokiogopa. Mtu wa namna hii hamwendei mtoto kwa ubaya. Humkuta mahali pa wazi pasipo na shaka: katika mchezo, katika ukurasa wa mpira, katika kundi la masomo, au chini ya picha aliyoiweka mtoto mwenyewe. Humsifu. Humsikiliza, na pengine yeye ndiye mtu wa kwanza kumsikiliza kwa siku nyingi. Humtumia salio la simu. Kisha humwomba wahamie mahali pa faragha, na kumfundisha kufuta mazungumzo. Na alama hii wazazi waishike sana, kwani mwenye nia njema hana haja ya kumfundisha mtoto wa wenyewe kufuta nyayo. Baada ya hapo humtaka siri ndogo, kisha kubwa yake, kisha picha. Picha ikishapatikana mapenzi yamekwisha, na kinachobaki ni vitisho: lete picha nyingine, au lete pesa, au njoo tuonane. Na mwenye kulipa mara moja hakununua amani, ameonyesha tu kuwa anaogopa, na mwenye kumtisha atarudi kesho kwa zaidi.

Sasa zingatia, ewe ndugu msomaji, nguvu ya mtu yule iko wapi. Yeye yuko mbali, pengine hata nchi hii hayumo, wala hana mkono wa kumfikia mtoto. Wengine wadhani nguvu yake ni ile picha. La! Picha ni karatasi isiyo na uzito. Nguvu yake ni kuwa mtoto anamwogopa babake kuliko anavyomwogopa yeye. Lau mtoto yule angejua kwamba akisema "Baba, nimekosa, na mtu ananitisha," baba atamkalisha na kumsikiliza, basi biashara ya dhalimu yule ingevunjika siku ile ile. Dhalimu anaitumia nyumba yetu dhidi ya mtoto wetu, na fimbo anayomtishia nayo ni yetu sisi.

Tuje kwenye swali la kwanza. Watu wengi wa mji wetu wasema kuwa kuzungumza na watoto mambo ya mwili na ya faragha ni uzungu, na kwamba wazee wetu hawakuwa na mambo hayo. Huku ni kuwasingizia wazee. Ni mji gani wa pwani hii, kuanzia Lamu mpaka Unguja, ambao msichana alipovunja ungo hakuwekewa somo? Somo alikuwa mwanamke mtu mzima, mwaminifu, amemchaguliwa kijana na wazazi wake. Akamfundisha tohara na hedhi na josho, kisha akamsindikiza mpaka ndani ya ndoa. Na Mwana Kupona, alipomtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wake mashuhuri mwaka 1858, alifanya nini ila kumfundisha mwanawe mambo ya nyumba kabla hajaingia humo? Wazee wetu hawakuamini kuwa ujinga ndio utawa. Waliamini kwamba mambo haya yana mwenye kuyafundisha na yana wakati wake.

Hapana shaka mafundisho ya somo yalikuwa na upungufu. Msichana alifunzwa jinsi ya kumridhisha mumewe, na mara chache mno alifunzwa haki zake akidhulumiwa. Na mvulana hakuwekewa somo kabisa, aliachiwa vijana wenzake wa barazani wamfundishe. Upungufu ule ungalikuwa wa kurekebishwa. Sisi tuliufuta msingi wote, tukabaki na aibu tupu, kisha tukawapa watoto simu mkononi. Leo somo wa mtoto ni simu. Yeye ndiye anayemfundisha ndoa ni nini, mwanamke ni nini na mwanamume ni nini, usiku, chini ya shuka, na wazazi wamekaa sebuleni wakishukuru kuwa nyumba imetulia.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, miongoni mwa aliyoyapigania ni wasichana wa Kiislamu wasomeshwe. Alikuta watu wanaoogopa kwamba msichana akijua kuandika ataandika barua za mapenzi. Hoja ile tukiitazama leo twaiona ni ya kuchekesha, na hali sisi tunaikariri kwa maneno mengine.

Na Sharia yasemaje? Fungua Suratu-n-Nur, aya ya 58. Mwenyezi Mungu amewaamrisha Waumini kuwa watoto wao ambao hawajabaleghe waombe idhini kabla ya kuwaingilia katika nyakati tatu: kabla ya Swala ya Alfajiri, na adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Swala ya Isha, akaziita nyakati hizo kuwa ni tatu za faragha. Na katika aya inayofuata akaamrisha kuwa wakishabaleghe waombe idhini nyakati zote. Je, waweza kumfundisha mtoto wa miaka mitano au sita hukumu hii bila ya kumwambia kwamba mwili una faragha, na kwamba mlango uliofungwa una maana? Mtoto aliyejua kwamba yeye hana ruhusa ya kuwaingilia wazazi wake bila ya idhini, ni mwepesi kufahamu kuwa wala mtu mwingine hana ruhusa ya kuuingilia mwili wake. Na Mtume s.a.w. ameamrisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, watoto watenganishwe malalo wafikapo umri wa miaka kumi. Hadithi hii watu huisoma kwa ajili ya Swala tu, maana ndani yake mna kuamrisha Swala kwa miaka saba, na sehemu yake ya mwisho wakaipita kama hawakuiona. Mafunzo ya kumlinda mtoto na uchafu, basi, yamo ndani ya dini yetu kabla hayajaandikwa katika kitabu chochote cha shule.

Mtoto mdogo afundishwe majina ya viungo vyake kwa lugha ya heshima, na aambiwe ni vipi visivyoguswa wala kutazamwa na mtu ila mama akimwosha, au tabibu naye mzazi yuko hapo. Aambiwe kwamba siri ya furaha ipo, kama zawadi ya Idi, na siri inayomtia hofu si siri, ni jambo la kusemwa. Akifika miaka tisa au kumi aelezwe mabadiliko ya mwili kabla hayajamjia, binti na mvulana sawasawa. Na siku anayopewa simu, au anayoanza kuazima ya mamake, aelezwe mtego tuliouandika hapo juu hatua kwa hatua, kama anavyoelezwa kuvuka barabara ya Makadara. Na mwisho wa maneno yote aambiwe hivi, tena kwa kurudiwa: "Hata ukiwa umekosa wewe, njoo kwangu kwanza." Neno hili moja tukiliweka nyoyoni mwao ni bora kuliko programu zote za kufungia simu. Hizo nazo zina faida yake, ila mtoto wa miaka 12 wa zama hizi hana haja ya mwaka kuzifungua.

Na wavulana tusiwasahau. Yule wa barua hii ni mvulana. Tumezoea kuwaonya mabinti mchana na usiku kana kwamba fitina yote ni yao, na Qur'ani katika Suratu-n-Nur, aya ya 30, imeanza na wanaume kuwaamrisha kuinamisha macho kabla ya kuwaamrisha wanawake katika aya ya 31. Na alipokuwa Fadhl bin Abbas amepanda pamoja na Mtume s.a.w. katika Hija, akawa anamtazama mwanamke wa kabila la Khath'am, Mtume aliugeuza uso wa Fadhl; hakumfukuza mwanamke aliyekuja na swali lake. Imepokewa na Bukhari.

Jinsi ya kuzungumza nao, tunayo hadithi ya Abu Umama katika Musnad ya Imam Ahmad. Kijana alimjia Mtume s.a.w. akamwomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea, Mtume akamwita karibu, akamkalisha, akamwuliza: je, wampendea hilo mamako, na binti yako, na dada yako, na shangazi yako? Kila mara akijibu la, akimwambia kuwa na watu wengine hawawapendei watu wao. Kisha akamwekea mkono na kumwombea. Itazame hadithi hii ewe baba: kijana alisema neno lile mbele ya watu, kwa mbora wa viumbe, na hakupigwa kofi. Na je, wewe mwanao akikuletea robo ya neno lile atatoka sebuleni na meno yake?

Huenda mtu akasema: mambo haya yanaletwa na wageni, sisi tuna nini? Ni kweli kwamba wageni wana sehemu yao kubwa. Lakini mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya biashara chafu ya watoto katika pwani yetu, wakichunguza Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani, wakakadiria wasichana walioingia humo kuwa ni baina ya 10,000 na 15,000. Walipowatazama wanaume wanaowaendea, kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakenya, asilimia 38. Wataliana, Wajerumani na Waswisi wakaja nyuma yao. Na uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2021 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, uliowahoji watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, umeonyesha kwamba mara nyingi aliyemdhulumu mtoto ni mtu anayemjua, na kwamba watoto wengi hawapeleki habari zao kwa polisi wala kwa simu za msaada. Mtu anayemjua maana yake ni nani? Ni binamu, ni jirani, ni dereva wa kumpeleka shule. Na pengine, sitaificha kalamu yangu, ni mwalimu wa chuo. Sisi walimu tusione vibaya wazazi wakituwekea masharti: mlango wa darasa usifungwe, mtoto asibakizwe peke yake, mwalimu asiandikiane na mwanafunzi kwa simu ila mzazi yumo. Mwalimu mwema hatapungukiwa na kitu kwa masharti haya. Anayekasirika aulizwe sababu.

Sasa tuje kwenye sitara, na hapa ndipo penye kiini cha mas'ala.

Katika Sahihi ya Muslim Mtume s.a.w. amesema kuwa mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Hadithi ni sahihi, na balaa ni jinsi inavyotumiwa. Mzee wa mtaa akijua kuwa fulani amemharibu mtoto, husema "tusitiriane." Mke akivunjwa mkono, huambiwa "sitiri nyumba yako." Imam Nawawi, katika sherehe yake ya kitabu hicho hicho, amebainisha kwamba sitara inayosifiwa ni ya mtu mwenye heshima zake aliyeteleza, asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi, ama mwenye kujulikana kwa hayo, haipendezi kusitiriwa, bali jambo lake lipelekwe kwa mwenye mamlaka, kwa kuwa kumsitiri ni kumpa tamaa ya kuzidi. Na hadithi ya Bukhari ya kumnusuru ndugu yako akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, Masahaba waliuliza: dhalimu tutamnusuru vipi? Akawajibu kuwa ni kumzuia na dhulma yake. Mwenye kumficha hakumnusuru. Amemwongezea mzigo wa kubeba Siku ya Kiyama.

Anayestahiki sitara ni mtoto yule. Jina lake lisitajwe, picha yake isitazamwe, kosa lake lisirudiwe kila wanapogombana nduguze. Na hapa kuna dhambi wanayoiona watu kuwa nyepesi, nayo ni kusambaza. Picha ya binti wa watu inaingia katika kundi la WhatsApp jioni, na kabla ya Isha imeshapita Kibokoni na Makadara imefika Likoni, na kila aliyeipeleka mbele aliandika "astaghfirullah" juu yake! Watu waliomzulia Mama Aisha r.a. walipokezana kwa ndimi, na Mwenyezi Mungu akawaambia, katika aya ya 15 ya sura hiyo hiyo ya Nur, kuwa wanalidhani jambo jepesi nalo kwake ni kubwa. Hao walipokezana uzushi. Na mwenye kueneza aibu ya kweli atafute udhuru mwingine, kwani aya ya 19 imewaahidi adhabu chungu, duniani na Akhera, wale wanaopenda uchafu uenee kwa walioamini.

Atasema mtu: lakini yeye ndiye aliyetuma picha. Ikiwa hajabaleghe kalamu haijaandika juu yake. Ikiwa amebaleghe, ana kosa baina yake na Mola wake, na mlango wa toba u wazi. Kosa hilo halimfanyi dhalimu kuwa na haki. Mtu aliyeacha mlango wazi amezembea, na mwizi ni mwizi.

Nyumbani sasa. Mama yule anaogopa kupigwa, na neno lile aliliandika kama jambo la kawaida, kama mtu asemaye kuwa mvua itanyesha. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa mwaka 2022 umeeleza kuwa wanawake 34 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu walipofika miaka 15. Mimi sikuhitaji hesabu hiyo kuniambia. Miaka kadhaa nyuma alinijia mwanamke na ndugu yake wa kiume, baada ya Magharibi, akanieleza habari za mumewe. Mume nikimjua, akiswali safu ya kwanza. Nilimwambia mwanamke asubiri, na subira ina malipo, na watoto wake ni wadogo. Nilijiona nimefanya kazi njema ya kusuluhisha. Haikupita miezi miwili nikaitwa hospitali kumwona, na uso wake sikuutambua. Alikuwa hai, alhamdulillahi. Ndugu yake hakunilaumu hata kwa neno moja, nami nilitamani anilaumu. Yale niliyomwambia hayakuwa dini. Yalikuwa mazoea yetu yaliyovikwa kanzu.

Dini ni hii. Habiba binti Sahl, mke wa Thabit bin Qays, alipigwa na mumewe akavunjwa, kama alivyopokea Abu Dawud, akamwendea Mtume s.a.w. baada ya Swala ya Asubuhi. Mtume hakumwambia arudi akasubiri, wala hakumlaumu kwa kutoa siri ya nyumba. Alimwita Thabit, naye ni Sahaba mwenye fadhila zake, akamwamrisha apokee sehemu ya mali aliyompa mkewe na amwache. Na wanawake wengine walipozunguka nyumba za Mtume wakiwashitaki waume zao, alisema hadharani kuwa wanaume hao si wabora wenu. Na Mama Aisha ameshuhudia, katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake.

Najua nitakayojibiwa: Suratu-n-Nisaa, aya ya 34. Aya ni ya Mwenyezi Mungu na twaiamini. Lakini wanaoitaja hawaisomi kwa maelezo ya aliyeteremshiwa, aliyesema katika Hija ya kuaga kuwa kusiwe kupiga kwa kuumiza. Wala kwa kauli ya Ataa bin Abi Rabah, mwanachuoni wa Makka katika Tabiina, kwamba mume hampigi mkewe bali humkasirikia, kama alivyonakili Ibnul Arabi katika Ahkamul Qur'an. Mwenye kuvunja mbavu hakuitumia aya, amejificha nyuma yake. Na aya ya 231 ya Suratul Baqara imekataza kumzuia mke katika ndoa kwa kumdhuru.

Kuna ubaya mwingine ambao umezaliwa na zama hizi, nao unaunganisha simu na nyumba. Mume humpiga mkewe picha za faragha, au humlazimisha azipige, kisha siku ya ugomvi au baada ya talaka humtishia nazo ili asidai masurufu wala watoto. Mtume s.a.w. amemhesabu mwanamume anayetoa siri za mkewe kuwa ni katika watu waovu mno mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama, na hiyo ilikuwa ni kusimulia kwa maneno tu. Mabinti wafundishwe kabla ya harusi kwamba kumkatalia mume picha si uasi.

Serikali nayo imeweka sheria, na kuzijua ni katika kujilinda. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, kifungu cha 37, imemwekea mwenye kusambaza picha za faragha za mtu faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Na ikiwa ni picha chafu za mtoto, kifungu cha 24 kimefika shilingi milioni 20 au miaka 25. Sheria ya kulinda watu na ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015 inampa mwenye kudhulumiwa haki ya kuomba mahakamani amri ya ulinzi, na ukatili kwa sheria hiyo si kipigo peke yake. Kutisha, kutukana na kunyima matumizi vimo. Kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, hukumu yake ni katika ndoa, talaka, mirathi na hali za watu. Kwake utapata kuvunja ndoa na haki zake, ama kipigo na vitisho ni vya polisi na mahakama nyingine. Watu wengi huzunguka kwa kadhi miaka kwa jambo ambalo si lake, kisha wakasema kadhi hana faida.

Kwa mama wa barua, basi, jibu letu ni hili. Usilipe tena hata shilingi. Usifute chochote: weka maneno ya vitisho, jina la akaunti, na nambari zilizopokea pesa, kisha umzuie asiweze kuandika tena. Picha ya mtoto usimpelekee mtu yeyote, hata mimi, hata kwa kutaka ushauri. Ibaki katika simu mpaka polisi waione. Piga 116, ni simu ya watoto na hailipiwi. Nenda polisi na umtake anayeshughulika na watoto. Katika idara ya upelelezi kiko kitengo cha kulinda watoto na kina watu wake hapa Mombasa. Na wewe mwenyewe, ukitishwa au kupigwa, iko 1195, nayo haina malipo. Na ukiumizwa, nenda kwanza hospitali kuu ya Pwani, Makadara, wakuandikie, kabla ya watu wa suluhu hawajafika.

Kumnyamazia mtoto mbele ya watu ni sitara. Kumnyamazisha yeye asitafutiwe msaada si sitara. Baba ana haki ya kujua, na mtoto ana haki ya kusalimika. Haki ya pili ndiyo ya kutangulizwa. Usimwambie peke yako usiku. Mtafute mtu anayemstahi, babake au mjomba wako au imamu wa msikiti wake, amwambie mchana, mtoto akiwa kwa nyanyake. Usiku huo mtoto alale huko huko.

Na ikiwa baba atayasoma haya akajitambua, nasi twaomba ayasome, mlango wetu u wazi kila siku baada ya Isha. Aje peke yake, wala asimlete mtoto.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.